Tailor, dressmaker au seamstress: fundi wa nguo ajiite nani kwa Kiingereza?

Fundi wa nguo anayetaka kuandika kibao cha duka, wasifu wa kazi au fomu ya viza kwa Kiingereza hukutana na maneno matatu ambayo kwa Kiswahili yote huishia kwenye neno moja la mshonaji: tailor, dressmaker na seamstress. Nyuma yake yapo mengine, kama couturier, machinist na sewer, ambayo humwongezea mashaka. Sisi tumezoea kwamba fundi cherehani ni fundi cherehani, awe anashona suti ya bwana harusi au gauni la bibi harusi, awe mwanamume au mwanamke. Kiingereza kiliigawa kazi hiyo hiyo kwa vigezo vitatu vilivyoingiliana: mkono unafanya nini, nguo ni ya nani, na anayeishona ni wa jinsia gani. Kwa maoni yangu kigezo cha kwanza ndicho chenye uzito leo, na kabla ya kuchagua jina fundi ajiulize swali moja: mkasi uko mikononi mwa nani?

Mkasi na sindano

Tailor liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa kilichosemwa na watawala wa Kinormani, na limo katika maandishi ya Uingereza tangu mwishoni mwa karne ya 13. Asili yake ni kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kukata, ambacho leo huandikwa tailler, nacho kilitokana na Kilatini cha zama za mwisho, taliare, ambacho mzizi wake ni talea, yaani kijiti kilichokatwa. Ukoo wa neno hili ni mpana kuliko mtu anavyodhania. Detail ni kipande kilichokatwa kutoka kwenye kitu kizima; retail, biashara ya rejareja, ni kukata bidhaa tena katika vipande vidogo vya kuuzia; na tally ni hesabu iliyowekwa kwa kuchanja alama kwenye kijiti, njia ambayo hazina ya Uingereza iliitumia kutunza kumbukumbu zake hadi 1826. (Vijiti hivyo vilipochomwa moto mwaka 1834 ili kuviondoa, moto ulishinda nguvu na kuliteketeza jengo la Bunge.) Wajerumani nao humwita fundi wa nguo Schneider, yaani mkataji, ingawa neno lao halina undugu na lile la Kifaransa.

Si ajabu kwamba lugha mbili zisizohusiana kwa mzizi zilimtaja fundi kwa mkasi. Kitambaa kinapokuwa kimetandazwa mezani, chaki ikiwa imepita kwenye bega, kwapa na kiuno, hatua inayofuata ndiyo isiyorudi nyuma. Mshono uliokwenda upande hufumuliwa kwa wembe na kurudiwa, na mteja hajui kilichotokea. Lakini kwapa likikatwa ndani kwa upana wa vidole viwili, kitambaa kimekwenda, na fedha ya mteja imekwenda nacho. Aliyekata ndiye aliyebeba dhamana ya vazi zima, na jina la tailor lilikuwa la mwenye dhamana hiyo.

Seamstress limepita njia nyingine kabisa. Hili ni neno la Kiingereza chenyewe, kutoka seam, yaani mshono. Katika Kiingereza cha kale mwanamume aliyeshona aliitwa seamere na mwanamke aliitwa seamestre, kwa sababu kiambishi kile cha mwisho kilikuwa alama ya mwanamke. Kiambishi hicho hicho kimo katika spinster, ambaye zamani alikuwa mwanamke anayesokota nyuzi kabla neno halijahamia katika hati za kisheria kumtaja mwanamke asiyeolewa, na katika Webster, ambaye alikuwa mfumaji. Baada ya karne kadhaa watu walisahau kwamba -ster ilimaanisha mwanamke, wakaongeza -ess ya Kifaransa juu yake, na kufikia karne ya 17 seamstress na ndugu yake sempstress yalikuwa yanaandikwa. Kwa hiyo neno hili lina alama ya uanamke mara mbili, jambo linaloeleza kwa nini hadi leo halikubali kumvaa mwanamume. Seamster, ambalo lingeweza kufaa, karibu halisikiki tena.

Tofauti ya mizizi hiyo haikubaki katika maneno tu. Mafundi wa London waliokata nguo walikuwa na chama chenye nguvu, kilichopata hati kutoka kwa Mfalme Edward III mwaka 1327, na jina lake la awali liliwaunganisha washonaji na watengenezaji wa vazi la kitani lililojazwa pamba na kuvaliwa chini ya deraya ya chuma. Chama hicho, ambacho leo huitwa Merchant Taylors, kiligombana na chama cha wauza ngozi za manyoya kuhusu nani awe wa sita na nani awe wa saba katika maandamano ya jiji, hadi meya alipoamua mwaka 1484 kwamba wapokezane kila mwaka. Wapokezana mpaka leo. Seamstress hakuwa na ukumbi wala hati ya namna hiyo. Kazi yake ilikuwa kitani: shuka, nguo za ndani na mashati, ikiwa ni pamoja na mashati ya wanaume. Hapa inafaa kuangalia vizuri, kwa sababu wengi hudhani mpaka wa zamani ulikuwa kati ya nguo za kiume na za kike. Shati la wakati huo lilitengenezwa kwa vipande vya mraba na mstatili vilivyopasuliwa kwa kufuata uzi wa kitambaa, bila umbo la kukata kwa kipimo cha mwili. Ndiyo maana liliweza kuachiwa mtu wa sindano hata kama mvaaji alikuwa bwana mkubwa.

Dressmaker: mwanamke aliyeshika mkasi

Kati ya wawili hao alisimama wa tatu. Huko Paris, mwaka 1675, serikali ya Louis XIV iliwaruhusu wanawake washonaji kuunda chama chao wenyewe na kushona nguo za wanawake na watoto, kazi ambayo kabla ya hapo kisheria ilikuwa ya mafundi wanaume. Walichobebwa nacho sokoni ni aina mpya ya gauni lililo wazi mbele, lenye marinda mabegani, lililoning'inia mwilini bila kuhitaji ndani yake mbavu ngumu za kulikaza, ambazo mafundi wanaume ndio waliozijua. Waingereza waliliita mantua, kutokana na neno la Kifaransa manteau lililopotoshwa likafanana na jina la mji wa Italia, na mwanamke aliyelishona wakamwita mantua-maker. Gauni lenyewe lilipotoka katika mtindo jina likabaki bila kitu cha kutaja, na mwanzoni mwa karne ya 19 dressmaker likachukua nafasi yake. Dress lenyewe linatokana na kitenzi cha Kifaransa cha kunyoosha na kupanga, na ndiyo sababu Kiingereza hulitumia pia kwa kufunga kidonda na kuandaa saladi.

Kwa hiyo dressmaker hatakiwi kufasiriwa kama seamstress mwenye jina la kupendeza zaidi. Huyu hupima, hukata na hushona. Tofauti yake na tailor ni aina ya vazi na mbinu inayolijenga. Koti la tailor hujengwa kutoka ndani. Kati ya kitambaa cha nje na bitana huwekwa kitambaa kigumu kilichochanganywa na nywele za farasi, nacho hushikizwa kwenye kola ya kifuani kwa mishono midogo mingi isiyoonekana nje, kila mmoja ukipigwa huku kitambaa kimekunjwa juu ya kidole, ili koti likikamilika kola ijilaze yenyewe bila kupigwa pasi ikalala bapa. Gauni la dressmaker, kwa upande wake, hutegemea jinsi kitambaa laini kinavyodondoka, kinavyokatwa kwa mshazari na kinavyobanwa kiunoni. Mtu anaweza kuwa hodari katika mojawapo na akashindwa katika nyingine, na Mwingereza anayeagiza koti la sufu la mwanamke huweza kumwendea tailor bila kuona kasoro yoyote.

Hii ndiyo sababu ninasema kwamba mwanamke anayekata mwenyewe, kisha akajiandika seamstress kwenye wasifu wake kwa kudhani tu kwamba ndilo neno la kike la tailor, anajipunguzia daraja kwa kalamu yake. Msomaji wa Kiingereza, hasa Marekani na Kanada, akiliona neno hilo humfikiria mtu anayepunguza pindo, anayebadilisha zipu na anayerekebisha gauni la harusi lililonunuliwa dukani. Ni kazi ya heshima na yenye soko, na kama ndiyo kazi yenyewe basi neno limepata mahali pake. Kwa anayeanza na kitambaa cha gora na kumaliza na suti, neno ni tailor, bila kujali jinsia. Liliwahi kuwapo tailoress, na halikuwa neno la dharau: washonaji wanawake wa Dunedin, New Zealand, walilitumia walipounda chama chao cha wafanyakazi mwaka 1889. Leo hata hivyo limechakaa, na mwanamke mwenye duka la suti huitwa tailor kama jirani yake mwanamume.

Mambo ya Savile Row

Yapo mazingira yanayokivuruga kipimo changu cha mkasi, na ni ya kuchekesha kidogo. Katika mtaa wa Savile Row jijini London, ambao ndio wenye sifa kubwa kuliko yote kwa suti za kupimwa, anayempima mteja na kukata kitambaa huitwa cutter, na anayekaa karakana ya chini au ya nyuma akishona huitwa tailor. Neno lililozaliwa likimaanisha mkataji limeishia kwa mtu ambaye hakati! Fundi anayeomba kazi katika nyumba za huko ni lazima alijue hilo, kwa sababu huulizwa mapema kama yeye ni mtu wa kukata au wa kushona, na kama ni wa kushona, kama ni wa makoti au wa suruali. Huko mtu mmoja hashoni vyote viwili kwa kawaida.

Huko ndiko neno bespoke lilikopata sifa, yaani kitambaa kilichokwisha kusemewa na mteja. Chama cha mafundi wa mtaa huo kilichoundwa 2004 huhesabu kwamba suti ya namna hiyo hula angalau saa 50 za kazi ya mkono. Mwaka 2008, hata hivyo, mamlaka ya kusimamia matangazo ya biashara nchini Uingereza iliamua kwamba suti iliyopimwa kwa mteja lakini ikakatwa kwa mashine nayo inaweza kutangazwa kwa neno hilo. Fundi wetu anaweza kulitumia kwenye kibao chake bila kuvunja sheria, ila asishangae mteja aliyewahi kufika Savile Row akitaka kujaribishwa koti mara mbili au tatu likiwa bado limepigwa bandi, yaani limeshikizwa kwa mishono ya muda.

Waingereza wana pia sartorial, sifa ya mambo ya mavazi, kutoka Kilatini sartor, mtia viraka. Si jina la kazi, na halifai kibao. Msuli mrefu unaokatiza paja huitwa sartorius kwa sababu hutumika mtu anapokaa na kukunja miguu, ambavyo ndivyo mafundi walivyokaa juu ya meza zao.

Couturier na tahadhari kwa wasomaji wa Kongo na Burundi

Lubumbashi, Goma au Bujumbura, ambako Kifaransa ndicho lugha ya ofisi, couturier na couturière ni fundi wa kawaida mwenye cherehani barazani. Kwa maana ya mzizi ni sahihi: couture ni ushonaji tu, kutoka Kilatini consuere, kushona pamoja. Kiingereza kilipoliazima, kiliazima tabaka lake la juu peke yake. Mtu anayetajwa zaidi kuwa wa kwanza wa tabaka hilo alikuwa Mwingereza, Charles Frederick Worth, mzaliwa wa Lincolnshire mwaka 1825, aliyefungua nyumba yake Paris mwaka 1858 na kugeuza desturi: badala ya mteja kuleta kitambaa na wazo, Worth alibuni mwenyewe, akawavika wasichana wa kuonyesha, na kushona lebo ya jina lake ndani ya gauni. Chama cha nyumba za namna hiyo kilianzishwa 1868, na tangu 1945 haute couture nchini Ufaransa ni jina linalolindwa na sheria, lisilotumiwa na yeyote atakaye. Fundi aliyehamia Toronto au Nairobi kutoka Goma, akajitafsiri kwa Kiingereza kuwa couturier, ataonekana anajikweza, ilhali alikuwa amesema ukweli mtupu kwa Kifaransa. Aandike tailor au dressmaker.

Fashion designer nalo ni jambo jingine. Huyo huchora na kuamua vazi liweje. Anaweza kuwa hajawahi kukaa kwenye cherehani. Mafundi wengi wa kwetu hufanya yote mawili, na hao wana haki ya kuandika yote mawili, mradi tailor litangulie ikiwa ndilo linaloleta chakula.

Maneno ya kuepuka na ya kutumia kwa uangalifu

Sewer, kwa maana ya anayeshona, limeundwa vizuri kisarufi, tena hutamkwa tofauti na sewer ya mfereji wa maji machafu. Kwenye maandishi hata hivyo yote mawili ni herufi zile zile, na kibao hakitamkwi. Kwa sababu hiyo washonaji wa nyumbani walizagaza sewist mitandaoni, neno jepesi linalofaa kwa anayeshona kwa kupenda, lakini kwa anayetafuta wateja wa suti za ofisini linasikika kama la mwanafunzi.

Machinist, hasa Uingereza, ni mshonaji wa kiwandani anayekaa kwenye mashine na kushona sehemu moja ya vazi siku nzima. Neno hili lina historia ya heshima, kwa kuwa mgomo wa wanawake 187 walioshona viti vya magari katika kiwanda cha Ford cha Dagenham mwaka 1968 ulichangia kupatikana kwa sheria ya malipo sawa ya 1970. Nchini Marekani liepukwe, kwa maana huko machinist ni fundi wa kukereza vyuma, na mwombaji anaweza kuitwa kwenye usaili wa karakana asiyoijua.

Draper huuza vitambaa, clothier huuza nguo, milliner hutengeneza kofia za wanawake, na haberdasher huuza vifungo na nyuzi kwa Mwingereza lakini mashati na tai za wanaume kwa Mmarekani. Hakuna hata mmoja anayemfaa fundi cherehani.

Kwa kibao cha Afrika Mashariki uamuzi ni mwepesi. Kiingereza cha kwetu, kilicholelewa kwa sehemu kubwa na mafundi wa Kihindi na Kigoa, kimelifanya tailor kuwa la wote, na maandishi ya Ladies and Gents Tailors yanaeleweka kuanzia Mombasa hadi Mwanza. Gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Uganda, limechukua jina la fundi Mgoa aliyeitwa Gomes, na katika masimulizi ya Kiingereza cha huko yeye hutajwa kuwa tailor ingawa vazi lililombeba ni la kike kabisa. Dressmaker liongezwe pale tu magauni yanapokuwa ndiyo kazi kuu na mwenye duka hataki kusumbuliwa na wateja wa suruali.

Fomu za ajira na uhamiaji zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu nchi nyingi hupanga kazi kwa kufuata au kukaribia orodha ya kimataifa ya Shirika la Kazi Duniani, toleo la 2008. Katika orodha hiyo tailor na dressmaker wamo pamoja katika namba 7531, miongoni mwa mafundi stadi. Wanaounganisha, kurekebisha na kutarizi nguo wamo 7533. Na waendesha mashine za kushonea wamo 8153, katika kundi jingine kabisa, la watu wa mitambo. Orodha ya Marekani ina kundi linaloitwa Tailors, Dressmakers, and Custom Sewers, na hapo ndipo mahali pekee ambapo neno lile la mfereji halina budi kunakiliwa lilivyo. Afisa anayesoma fomu hulinganisha jina la kazi na maelezo yaliyo chini yake, kwa hiyo aliyekaa miaka katika kiwanda cha sare akiunga mikono ya mashati ajaze sewing machine operator, na anayepima wateja ajaze tailor, kisha aandike waziwazi kwamba anapima, anakata, anajaribisha na anashona, na ataje mavazi yenyewe: suti, kanzu, sare za shule, magauni ya vitenge.